Nyanya na hoho za kujazwa bila kuwasha moto: mlo wa mchana wa miezi ya joto

Kuanzia Januari hadi mvua za masika zikolee, jikoni mwa nyumba nyingi za Kisumu hamkaliki mchana. Jua la saa saba linafika nyuzi 30 na kupita, mabati yanachoma, na sufuria moja ya maharagwe inatosha kuifanya nyumba nzima iwe na fukuto hadi jioni. Nakuru iko juu zaidi kwa karibu mita 700, hivyo usiku wake una afueni, lakini mchana wa Februari hata huko mtu hatamani kusimama mbele ya jiko.

Mlo huu hauhitaji moto hata kidogo. Ni nusu za nyanya na hoho zilizojazwa mala, yaani maziwa yaliyogandishwa, iliyochujwa ikawa nzito, pamoja na tango, karoti, kitunguu, dania na karanga. Unashibisha bila kulemea, na kazi ya mikono yenyewe haizidi saa moja. Jambo la kulitawala ni moja tu: maji. Nyanya na tango ni maji kwa takriban asilimia 95, na mala nayo ni maji kwa sehemu kubwa. Ukizichanganya zilivyo, baada ya dakika 20 utakuwa na supu baridi kwenye sahani. Karibu kila hatua hapa chini ipo ili kuyatoa maji mapema, kabla hayajatoka yenyewe mahali usipoyataka.

Vitu vya watu wanne

- Nyanya 8 za umbo la yai, kila moja gramu 100 hivi
- Hoho 2 kubwa
- Mala lita 1 (pakiti 2 za mililita 500), isiyo na sukari wala ladha
- Tango 1 la gramu 300 hivi
- Karoti 1 ndogo
- Nusu ya kitunguu chekundu cha wastani
- Karanga zilizokaangwa, gramu 80, yaani karibu nusu kikombe na zaidi kidogo
- Dania, shada moja dogo
- Ndimu au limau 1
- Chumvi, na pilipili manga ukipenda

Kwa vipimo hivi utapata mchanganyiko wa gramu 600 na ushei. Nusu ya nyanya huchukua kijiko kimoja cha mezani kilichojaa, na nusu ya hoho huchukua vijiko vitatu. Kila mtu atapata nusu nne za nyanya na nusu moja ya hoho.

Sokoni

Nyanya nyingi utakazozikuta Kibuye, Jubilee au Wakulima ya Nakuru ni zile ndefu za umbo la yai, aina ya Rio Grande au Cal J. Hizo ndizo unazozitaka. Nyama yake ni nene na mbegu zake si nyingi, kwa hiyo hata baada ya kuchokolewa husimama imara. Nyanya kubwa za mviringo huvutia macho, ila tumbo lake lote ni maji na mbegu, na ukuta wake hulegea upesi. Chagua zilizoiva zikawa nyekundu lakini bado ngumu: bonyeza kwa kidole gumba karibu na kikonyo, na kama panabonyea, iache iende kwenye mchuzi. Nenda asubuhi. Nyanya iliyoshinda juani kwenye fungu hadi saa tisa huwa na joto ndani na ngozi iliyolegea, na ukiikata humwaga maji yote ubaoni.

Hoho ya kijani ina uchungu kidogo kwa sababu haijaiva. Nyekundu na ya manjano ni tamu zaidi na bei yake iko juu. Kwa kuliwa mbichi, nyekundu inastahili nyongeza hiyo ya bei. Ukinunua ya kijani, tafuta yenye ngozi inayong'aa na kikonyo kibichi. Hoho iliyoanza kukunjamana haitarudi kuvunjika vizuri mdomoni hata uiloweke namna gani.

Karanga ziangalie moja moja. Yenye ukungu, iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au yenye uchungu itupwe, kwa kuwa inaweza kuwa na sumu ya aflatoksini, na kukaanga hakuiondoi sumu hiyo. Ukionja karanga chungu, iteme. Usiimeze kwa heshima ya aliyekukaribisha.

Kuhusu mala, soma pakiti. Inayofaa ni maziwa na kimea cha kugandisha, basi. Iliyotiwa wanga au jelatini haichujiki, kwani vitu hivyo vimewekwa humo makusudi ili vishike maji. Mala ya nyumbani ni nzuri mno kwa kazi hii, mradi maziwa yalichemshwa kabla ya kugandishwa. Ya maziwa mabichi inaweza kubeba brusela, bakteria wa ugonjwa, na hapa hakuna moto wa kuiua. Mursik, yale maziwa lala ya kibuyu ya Wakalenjin, pia huchujika vizuri na ule moshi wake hukaa vyema na karanga, lakini mchanganyiko utakuwa wa kijivu na mchachu zaidi, kwa hiyo punguza ndimu.

Usiku wa kuamkia siku yenyewe: kuchuja mala

Chukua kitambaa cheupe cha pamba chenye nyuzi zilizobana, kilichofuliwa na kupigwa pasi. Kitandaze ndani ya chujio, weka chujio juu ya bakuli refu, kisha mimina mala yote. Kunja pembe za kitambaa juu yake, funika kwa sahani, uweke kwenye friji kwa saa 8. Lita moja itakuachia gramu 350 hivi za mala nzito, na bakulini kutakuwa na maji ya rangi ya manjano hafifu.

Usikamue kitambaa ili kuharakisha. Ukikamua, mala yenyewe hupenya kwenye nyuzi, unabaki na maji meupe bakulini na kidogo sana kitambaani. Kipimo cha kuwa tayari ni hiki: chomeka kijiko katikati, kikisimama bila kuegemea, imetosha. Kama bado kinaanguka, geuza mala ndani ya kitambaa kwa kijiko, ile nzito ya kingoni iende kati, uongeze saa 2.

Asiye na friji anaweza kuanza saa kumi na mbili asubuhi. Koroga nusu kijiko cha chai cha chumvi ndani ya mala, itundike kwenye kitambaa kwa saa 4 mahali penye kivuli na upepo, ikiwa imefunikwa nzi wasiifikie. Chumvi husaidia maji kutoka. Itakuwa chachu kidogo kuliko ya friji, na lazima iliwe siku hiyo hiyo. Yale maji yaliyochujika usiyamwage: yanakanda unga wa chapati vizuri kuliko maji ya bomba.

Kuosha, kwa uangalifu kuliko kawaida

Katika mlo wa kupikwa, moto unasamehe mengi. Hapa hausamehi chochote, na kaunti za kandokando ya ziwa zimewahi kuona milipuko ya kipindupindu. Osha mboga zote zikiwa nzima, kabla kisu hakijazigusa, maana ngozi ikishakatwa uchafu wa nje huingia ndani.

Sugua nyanya, hoho, tango na karoti kwa mkono chini ya maji yanayotiririka. Kisha andaa beseni la maji lita 2, tia kijiko kimoja cha chai (mililita 5) cha dawa ya klorini ya kung'arisha nguo, ile ya kawaida ya asilimia 3.5, isiyo na manukato wala sabuni. Zamisha mboga kwa dakika 5, uzisuuze kwa maji ya kunywa, yaani yaliyochemshwa au kutiwa dawa. Kusuuza kwa maji ya kisima yasiyotibiwa kunarudisha kila kitu mwanzo. Na usitie ndimu wala siki kwenye beseni hilo hata tone, kwa sababu asidi ikikutana na klorini hutoa gesi yenye sumu. Maji ya chumvi peke yake, ambayo wengi huyaamini, hufukuza wadudu wanaoonekana lakini si vijidudu vya ugonjwa.

Dania ndiyo ngumu kuliko zote kwa sababu ya udongo wa mashinani. Kata mizizi, tawanya matawi kwenye beseni pana la maji, yatikise, halafu yainue wewe kwa mkono. Ukimwaga maji kupitia chujio, mchanga uliokwisha kuzama utarudi juu ya majani. Rudia hadi usione chembe chini ya beseni, ndipo uizamishe kwenye maji ya klorini.

Ubao na kisu visiwe vile vilivyokata samaki mbichi asubuhi. Kama ubao ni mmoja, usugue kwa sabuni, usuuze, uukaushe juani.

Kukata na kutoa maji

Anza na tango, kwa sababu ndilo linalohitaji muda. Lipasue kwa urefu, chokoa mbegu zote kwa kijiko cha chai, kisha likwaruze kwenye greta upande wa matundu makubwa. Nyunyiza nusu kijiko cha chai cha chumvi, changanya, uliache kwenye chujio dakika 15. Chumvi huvuta maji kutoka ndani ya chembe za tango. Baadaye lifunge kwenye kitambaa safi na hapa kamua kwa nguvu zako zote. Tango la gramu 300 litabaki gramu 120 au chini ya hapo. Mtu anayeliona kwa mara ya kwanza hudhani amepoteza chakula, lakini alichotoa ni maji ambayo yangeharibu kila nusu ya nyanya.

Tango likiwa kwenye chumvi, geukia nyanya. Pasua kila moja kwa urefu, kuanzia kikonyo hadi ncha. Kisu kiwe kikali. Kisu butu hukandamiza nyanya kabla hakijaikata. Kwa kijiko cha chai, toa mbegu, ute na ule ukuta wa katikati, ukiacha ukuta wa nje wa nusu sentimita hivi. Usichimbe hadi kwenye ngozi. Nusu yenye tundu dogo chini itavuja hata ukiijaza vizuri, na hiyo ikate vipande vidogo uichanganye kwenye kachumbari. Nyunyizia kila nusu chumvi ya ncha za vidole viwili tu, kisha uzifudikize juu ya kitambaa kikavu kwa dakika 20. Ukiinua moja utaona duara la unyevu limebaki chini yake. Zisipite dakika 40, kwani chumvi ikiendelea kuvuta, ukuta wenyewe hulegea ukakunjika mkononi. Ute na mbegu viweke kwenye friji vikatumike kwenye mchuzi wa jioni.

Hoho zipasue kwa urefu pia, ukikigawa kikonyo nusu kwa nusu badala ya kukitoa. Kikonyo ndicho kinachoshikilia ukuta wa juu, na ukikikata, mala inatiririka upande huo. Toa mbegu, halafu kwa ncha ya kisu ondoa ile mishipa myeupe ya ndani. Haina ladha nzuri na inachukua nafasi. Zitumbukize kwenye maji baridi sana ya kunywa, yenye barafu ukiwa nayo, kwa dakika 10. Zitakuwa ngumu na zenye kuvunjika zikitafunwa. Zifudikize zikauke kabisa, kwa sababu mala haishiki kwenye ukuta wenye maji. Hoho hazihitaji chumvi. Nyama yake haina ute wa kutoa.

Kitunguu chekundu cha sokoni kina ukali unaoweza kufunika vyote. Kikatekate vipande vidogo mno, vya ukubwa wa punje ya mchele, visugue kwa chumvi kidogo kwa vidole, uvisuuze mara mbili kwa maji baridi ya kunywa, ukamue. Ni ile ile njia ya kitunguu cha kachumbari, isipokuwa hapa vipande ni vidogo zaidi. Kitunguu kisichooshwa kikikaa kwenye mala kwa saa moja, mala yote inageuka kuwa kitunguu.

Karoti ikwaruze upande wa matundu madogo. Karanga ziponde kwenye kinu, au zifunge kwenye kitambaa uviringishe chupa juu yake, hadi zipasuke vipande vya nusu na robo. Zikiwa unga, mchanganyiko unakuwa mzito kama ugali na utamu wa kutafuna unapotea.

Kuchanganya

Weka mala nzito bakulini uilainishe kwa uma. Ongeza tango lililokamuliwa, karoti na kitunguu. Dania ikate sasa, si mapema, maana majani yaliyokatwa yakikaa huwa meusi kingoni. Tia majani na mashina membamba. Kwaruza ganda la ndimu kidogo, ile sehemu ya rangi tu, na ukamulie kijiko kimoja cha mezani cha maji yake. Koroga, halafu onja kabla ya kufikiria chumvi. Tango lina chumvi, kitunguu kina chumvi, nyanya zina chumvi, na aliyefuata njia ya kutundika ana chumvi kwenye mala. Mara nyingi haihitajiki nyingine.

Theluthi mbili za karanga zitie mwisho kabisa, ukiwa karibu kujaza. Zinafyonza unyevu uliobaki na kuushikilia, hiyo ni kazi yake ya pili, lakini kwa kufanya hivyo zinalainika. Baada ya saa moja hazivunjiki tena mdomoni. Theluthi iliyobaki ni ya kunyunyiza juu mezani.

Mchanganyiko uliofaulu, ukiuchota kwa kijiko na kukigeuza juu chini, unabaki kwenye kijiko. Ukianguka, ongeza karanga kidogo au uurudishe kwenye kitambaa kwa nusu saa. Usijaribu kuuokoa kwa makombo ya mkate, kwani hufyonza kwa dakika chache halafu yanakuwa uji.

Kujaza na kuandaa

Futa ndani ya kila nusu ya nyanya kwa kitambaa kikavu. Jaza kwa kijiko, ukisukuma kuelekea pembeni kwanza ili pasibaki nafasi ya hewa, kisha katikati. Nusu ya nyanya ikiyumba sahanini, parua kipande chembamba chini yake, unene wa karatasi tu, ikae. Panga kwenye sinia, nyunyiza karanga na majani machache ya dania, ule ndani ya nusu saa.

Unaenda vizuri na chapati za jana zilizobaki, mkate wa kawaida, au viazi vitamu vilivyochemshwa jioni iliyotangulia vikapoa. Kama kuna wazee mezani wanaoona hoho mbichi ni ngumu kutafuna, wape nyanya tu.

Kikibaki, kiingie kwenye friji upesi. Chakula cha namna hii kisikae nje zaidi ya saa 2, na siku joto linapopita nyuzi 32, kisizidi saa 1. Cha kubeba kazini kisijazwe nyumbani: weka nusu za nyanya na hoho kwenye mkebe mmoja juu ya kitambaa, mchanganyiko kwenye mwingine wenye kifuniko kinachobana, karanga kwenye karatasi, na vyote vikae kwenye mfuko pamoja na chupa ya maji iliyogandishwa usiku. Saa saba utajaza kwa dakika tano, na chupa itakuwa imeyeyuka kiasi cha kunywa.

Kwa wasiotumia maziwa

Badala ya mala, tumia kopo moja la maharagwe la gramu 400 na parachichi moja kubwa lililoiva. Chuja maharagwe, yasuuze, yakauke. Yatabaki gramu 240 hivi. Nusu yaponde kwa uma pamoja na parachichi na ndimu nzima, nusu yaache mazima, kisha endelea na tango, karoti, kitunguu na karanga kama ilivyoelezwa. Parachichi hubadilika kuwa la kahawia likikutana na hewa. Ndimu huchelewesha jambo hilo, haizuii, kwa hiyo changanya dakika chache kabla ya kula.

Maharagwe yawe ya kopo, ambayo yalipikwa kiwandani, au uliyoyachemsha mwenyewe jana yake. Maharagwe makavu yaliyolowekwa tu hayaliwi, hata yakilainika: yana lektini inayoleta kutapika na kuharisha vibaya, na punje chache zinatosha kumlaza mtu. Vivyo hivyo omena (dagaa) na obambla, yaani samaki aliyepasuliwa akakaushwa juani. Ukitamani samaki, fungua kopo la tuna, mimina mafuta au maji yake yote, na utumie gramu 150 mahali pa maharagwe. Omena wa juani, hata awe mkavu wa kupukutika, ameanikwa nje na ni lazima apite motoni, kwa hiyo mngoje jioni jua likishatua.